Zacharia Gachau na Saa Iliyokimbia

Aliyeniambia ni Uthman, rafiki yako wa Majengo kule Thika. Aliniambia Jumamosi iliyopita mchana, akiwa amekaa kwenye kiti chako, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekuandikia tangazo lingine la kumbukumbu, fupi, la huzuni tupu. Nimelirarua. Naandika hili badala yake.

Mwaka umetimia, Baba Tabby, tangu nilipofungua mlango wa chumba cha nyuma nikakukuta umeinamisha kichwa juu ya meza, mkono mmoja karibu na steshoni yako ndogo ya Thika, kalamu bado iko vidoleni. Watu wamenipa pole mwaka mzima na nimeitikia vizuri. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu, hata binti yetu Tabby, hata mchungaji. Niliamini ulikaa peke yako kwa karibu saa tatu ukiumwa, pengine ukiniita, na mimi wakati huo nimeshika mtoto wa watu nacheka. Kila nilipolala nilikuwa nasikia ukiniita. Sasa najua haikuwa hivyo, na nataka wote wanaosoma hapa wajue, maana wengine walikuwa wanashangaa kwa nini sinenepi.

Ngoja nianze na wewe mwenyewe, ili wasiokujua wakujue.

Ulikuwa fundi wa mitambo miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha nguo hapo Eneo la Viwanda Thika. Ulikuwa unasikia mashine inataka kuharibika kabla haijaharibika. Ukirudi nyumbani Gatongora ulikuwa unatusikiliza sisi hivyo hivyo. Mtoto akikohoa mara mbili, unasema, "Huyu kesho hatakwenda shule," na kweli kesho anaamka na homa. Majirani walikuletea pasi, redio, blenda, na hukumrudisha mtu. Ulikuwa unasema kitu kikikaa bila kufanya kazi yake kinaona aibu.

Ulipostaafu ulinichosha, acha niseme ukweli. Mwezi mzima ulinifuata jikoni ukipanga sufuria zangu kwa ukubwa. Uliniuliza kwa nini chumvi inakaa mbali na jiko. Nilimwomba Mungu akupe kazi yoyote, hata ya kuchunga kuku. Siku moja ukarudi kutoka Thika na boksi la viatu umelikumbatia. Ndani mlikuwa na injini ya treni ya kijani, ndogo, inaweza kuingia katika bati la mkate.

"Hii ni ya Becky?" nikakuuliza. Becky, mjukuu wetu, alikuwa bado shule ya msingi.

"Ni yangu," ukasema, na ulisema kama mtu anayengoja kuchekwa.

Sikukucheka. Nilifurahi sana kwa sababu ya sufuria zangu.

Huo ndio mwanzo wa chumba cha nyuma. Ulijenga meza inayozunguka kuta zote, mtu akitaka kuingia katikati anapita chini yake kama kuku. Upande wa mlango ukaweka Ruiru. Kona ya dirisha Juja. Mwisho kabisa, pale ambapo zamani tulikuwa tunaweka magunia ya mahindi, ukaweka Thika. Mabati ya nyumba ulikata kwenye mikebe ya maziwa. Abiria walikuwa njiti za kiberiti zilizopakwa rangi, na kila mmoja alikuwa na kofia au kitambaa.

Halafu wakaja wenzako. Sijui mlijuanaje, naona watu wa treni wananusana. Wa kwanza alikuwa Uthman, aliyefanya kazi ya kuongoza ishara za treni, za kweli, mpaka akastaafu. Wa pili Kaleli, fundi saa mwenye kibanda karibu na soko la Thika. Wa tatu Dianah wa Juja, mshonaji, ndiye aliyetengeneza miti ya sponji na mifugo ya udongo. Kila Jumamosi saa nane mchana mlikuwa chumbani. Mlikuwa mnavua saa za mkononi mlangoni na kuzipanga kwenye dirisha, na mimi nilifikiri ni usafi, kama kuvua viatu.

Nilikuwa nakaa nje ya mlango nikichambua mboga, na niseme sikuwahi kuchoka kuwasikiliza.

"Dianah," Uthman anasema, "huyu mbuzi wako wa Juja ni mkubwa kuliko mkuu wa steshoni."

"Mkuu wa steshoni ni mfupi."

"Mbuzi akisimama anaweza kubeba steshoni yote."

"Basi tumpe kazi," Dianah anasema. "Kuliko nyinyi mnaoangusha mabehewa kila wiki."

"Aliyeangusha ni Kaleli."

"Mimi sikuangusha," Kaleli anasema polepole, maana huyo hana haraka hata nyumba ikiungua. "Reli iliondoka chini ya treni."

Halafu nasikia wewe: "Reli ilikwenda wapi, Kaleli? Iliaga?"

Na Uthman, ambaye hapendi mzaha kazini: "Jamani, abiria wangu wanangoja."

"Abiria wako ni viberiti, Uthman."

"Hata kiberiti kina safari yake."

Mlikuwa mnagombana kuhusu ishara iko juu au chini, kuhusu nani alipeleka treni kabla ya kuruhusiwa, kuhusu rangi ya behewa la tatu. Sikusikia hata mara moja mkigombana kuhusu jambo la kuumiza mtu. Chai ikiisha ulikuwa unaosha vikombe mwenyewe. Uliwaambia wenzako, "Mama Tabby amepika, hawezi tena kuosha." Majirani walikuwa wananiuliza mzee wako anafanya nini humo ndani na wale watu. Nilikuwa nawaambia wanasafiri.

Na kulikuwa na ile saa.

Saa kubwa ya mviringo aliyoleta Kaleli, mkaitundika juu ya mlango kwa ndani. Mimi nikileta chai nilikuwa naiangalia na nashindwa kuelewa. Saa za watu mshale unatembea. Ule ulikuwa unakimbia, unaona kwa macho. Nimekuambia miaka tisa, "Baba Tabby, hii saa imeharibika, na fundi saa mnaye humu humu, kwa nini hatengenezi?" Ulikuwa unacheka na kusema, "Ndiyo imetengenezwa." Nikadhani unamstahi Kaleli. Nikaacha.

Sasa ile Jumamosi.

Firdaus, binti wa Uthman, alikuwa anaolewa Thika. Kaleli na Dianah walialikwa wakaenda. Wewe goti lilikuwa limevimba, ukasema hutaki kufika harusini watu wakuinue kama meza. Mimi nilikuwa nimeahidi kwenda na akina mama wa kanisa kumwona mtoto wa Maxine, aliyejifungua wiki hiyo hapa hapa Gatongora, na njahi, maharagwe meusi ya mzazi, nilikuwa nimeshapika. Nikakupa chakula saa sita na nusu. Nikakuachia chupa ya chai. Saa saba nikatoka. Ulikuwa unapiga kiatu rangi, umevaa kimoja. Uliniambia, "Msalimie huyo mtu mpya."

Kwa Maxine tulikaa. Mtoto alikuwa mzuri, mnene, anashika kidole cha mtu haachii. Mama yake Maxine akasema ongezeni uji. Saa nane na nusu nilitaka kuondoka, nikaambiwa ngoja tuombe, na baada ya kuomba watu wakaanza hadithi. Nilicheka sana siku hiyo. Nilirudi nyumbani saa kumi.

Yaliyofuata watu wa nyumbani wanayajua. Nilimpigia Tabby, majirani wakaja, daktari akasema moyo ulisimama mara moja, kama taa, hukuteseka. Lakini kabla hawajafika watu, mimi nilikuwa nimeangalia kitabu.

Kile kitabu chenu cha jalada jeusi ambacho mnaandika kila treni ikiondoka na ikifika. Kilikuwa wazi chini ya mkono wako. Mimi shule niliacha darasa la nne lakini mwandiko wako nausoma. Nikasoma mstari wa mwisho: nambari saba, mzigo, imefika Thika saa saba na dakika kumi mchana, salama. Baada ya hapo karatasi tupu.

Nilitoka saa saba. Nikafunga kitabu.

Daktari anaweza kusema analotaka, yeye hakusoma. Mimi nilijua. Dakika kumi baada ya mimi kufunga geti kuna kitu kilikupata, ukashindwa kuandika tena, ukakaa hapo mpaka saa kumi. Kama ningesahau leso nikarudi, ningekukuta. Kama nisingeongeza uji. Nilipeleka kitabu chini ya godoro upande wangu, nikafunga chumba kwa kufuli, na mwaka mzima nikalala juu ya huo mstari.

Kuna mambo yalinisumbua, nakiri. Kikombe chako kilikuwa kimenywewa chai yote, na wewe hunywi chai juu ya chakula. Mkono wako nilipoushika ulikuwa na joto. Nikajiambia ni jua la dirishani. Mtu akishajihukumu hatafuti mashahidi.

Jumamosi iliyopita wakaja wote watatu, na Becky akaja kutoka Juja, sasa yuko chuo kikuu mwaka wa pili. Dianah ndiye aliyesema.

"Mama Tabby, mwaka wa Gachau unatimia. Tunaomba utufungulie. Tuendeshe siku moja tu, ya kumkumbuka."

Nikafungua. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya Ruiru kama unga. Dianah akaanza kupuliza mbuzi mmoja mmoja. Kaleli akapangusa reli na kitambaa chenye spiriti. Becky akapita chini ya meza, akachomeka waya za stima, akasema, "Shosho, bado inawaka," na taa ndogo za steshoni zikawaka kweli. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikutaka kuingia.

Uthman akakaa kwenye kiti chako. "Kitabu kiko wapi?"

"Sijui," nikasema.

"Bila kitabu hatuwezi. Mwenyewe angetufukuza."

"Andikeni kwa karatasi nyingine."

Alikaa tu akiniangalia juu ya miwani. Wewe ulikuwa unasema mimi ni mtu wa subira. Lakini Uthman alilipwa miaka mingi kungoja treni, huwezi kumshinda kwa kungoja. Nikaenda chumbani nikainua godoro.

Nilipompa niliamua kumaliza yote mara moja.

"Soma mstari wa mwisho," nikamwambia. "Soma kwa sauti."

Akasoma. Nambari saba, mzigo, Thika, saa saba na dakika kumi, salama.

"Mimi nilitoka hapa saa saba," nikasema. "Nilirudi saa kumi. Sasa mnajua. Alikaa hapo karibu saa tatu, na mimi nilikuwa nakunywa uji."

Kaleli akaacha kupangusa. Becky akatoka chini ya meza polepole na kunishika mkono. Uthman akavua miwani.

"Mwaka mzima umekaa na hili, Mama Tabby?"

"Mwaka mzima."

"Na hukutuuliza."

"Ningewauliza nini? Kimeandikwa kwa mkono wake."

Akavaa miwani tena. Akanisogezea kitabu, akaweka kidole juu kabisa ya ukurasa huo huo. "Huu wa kwanza umeusoma?"

"Sikuusoma."

"Usome."

Nikasoma, na nasoma polepole: nambari moja, abiria, imeondoka Ruiru saa kumi na mbili asubuhi.

"Siku hiyo saa kumi na mbili asubuhi Gachau alikuwa wapi?"

"Alikuwa kitandani," nikasema. "Jumamosi alikuwa haamki kabla ya saa mbili. Hata paka alikuwa anajua."

"Sasa nani aliondoa treni?"

Nikamwangalia.

Ndipo Kaleli akainua kidole, akaonyesha juu ya mlango, nyuma ya kichwa changu. Nikageuka. Becky alipowasha stima ile saa nayo ilikuwa imewaka, na mshale ulikuwa unakimbia kama zamani.

"Hiyo ndiyo saa ya kitabu," Uthman akasema. "Zetu tunaziacha dirishani, humu ndani hakuna nyingine. Mama Tabby, sikiliza. Kutoka Ruiru mpaka Thika, hapa mezani, ni hatua nane. Treni inafika kabla hujamaliza kupiga chafya. Tukitumia saa ya kawaida tutakaa tukiangaliana mpaka treni nyingine ifike saa yake. Kwa hiyo Kaleli akatengeneza hii. Saa yake moja ni robo saa yetu. Tunaanza asubuhi ya treni saa nane mchana yetu, na kutwa nzima inaisha saa kumi na moja, kila mtu anarudi kwake."

"Kwa hiyo saa saba na dakika kumi," nikasema.

"Ni ya treni. Si ya kwako."

"Na alianza lini? Mtajuaje alianza lini? Hamkuwako."

Uthman akatoa simu yake, ile ndogo ya vibonyezo, na alichukua muda kutafuta, na sisi sote tukangoja. Akanipa. Ulikuwa ujumbe wako. Alikuandikia kutoka harusini kukuomba radhi kwa kukuacha peke yako, na wewe ukajibu: "Lisha watu wako vizuri. Natoa ya kwanza sasa hivi. Leo Juja hakuna wa kunipigia kelele." Becky akaangalia wakati. Saa nane na dakika tatu mchana.

"Sijaufuta," Uthman akasema. "Ni wa mwisho."

Saa nane na dakika tatu, Baba Tabby. Mimi nikiwa kwa Maxine kwa saa moja tayari, wewe ulikuwa mzima, unamchokoza Uthman.

Becky akachukua kalenda ya mwaka jana ukutani, akageuza nyuma, akaanza hesabu. "Shosho, tulia, angalia. Toka kumi na mbili asubuhi mpaka saa saba na dakika kumi ni masaa saba na dakika kumi ya treni. Gawa kwa nne. Saa moja na dakika arobaini na saba na nusu hivi, za ukweli. Ongeza kwa hiyo saa nane na dakika tatu."

"Ngapi?"

"Saa kumi kasoro kumi."

Nikamwambia arudie. Akarudia, akapata kasoro kumi tena. Kaleli naye akahesabu kwa vidole, ikawa vile vile.

"Na treni nambari nane?" Dianah akauliza. "Inatoka Thika saa ngapi?"

"Saa saba na nusu," Uthman akasema bila kuangalia ratiba. "Dakika tano zetu baada ya ile ya mzigo. Na haikuandikwa. Gachau hakuwahi kuacha treni bila kuandika, hata siku ile stima ilipotea aliandika kwa mshumaa." Akanigeukia. "Mama Tabby, saa kumi kasoro kumi, kasoro tano, wewe ulikuwa wapi?"

Hilo nilijua. Mwaka mzima nimeitembea ile njia kichwani, najua kila hatua niliyokanyaga.

"Nilikuwa kwa kibanda cha Fatu hapo kona," nikasema. "Nachagua avokado. Mzee alitaka laini."

Uthman akaitikia kwa kichwa. "Ulikuwa umeshafika, basi."

"Na chai?" nikauliza. Nilikuwa kama mtu anayekagua nyumba baada ya mwizi, nataka kuona kila kitu kipo. "Kikombe kilikuwa kitupu."

"Chai ni saa sita ya treni," Dianah akasema. "Kila Jumamosi. Si wewe ndiye ulikuwa unatuletea? Saa tisa na nusu."

Saa tisa na nusu. Miaka tisa nimebeba hiyo sinia saa tisa na nusu na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kwa hiyo chai ulikunywa wakati wako, ikiwa bado moto kwenye chupa. Karibu saa mbili nzima ulicheza, goti limenyooshwa kwenye stuli, hakuna wa kukupigia kelele. Treni saba zilifika. Mwandiko wa saba umenyooka kama wa kwanza, Uthman alinionyesha, akasema mtu anayeumia haandiki hivi. Na mkono wako ulikuwa na joto kwa sababu ulikuwa wako bado. Daktari alisema kweli, namwomba msamaha.

Nilikaa chini, kwenye sakafu, na mimi na magoti yangu haya. Nilifikiri nitalia. Nikaanza kucheka kwanza. Nilicheka mpaka Becky akaogopa, halafu ndipo nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa chepesi, kama kutoa viatu vinavyobana.

Kaleli alingoja nimalize.

"Mama Tabby," akasema, "hii saa ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Na nasikia umeiita mbovu miaka tisa."

"Nisamehe, Kaleli."

"Sijakusamehe bado. Chai iko?"

"Iko."

"Basi tutaongea baada ya chai."

Uthman hakutaka waanze siku mpya. Alisema siku yako haikumalizika, na si vizuri kuacha treni katikati. Kaleli akarudisha mshale mpaka saa saba na nusu. Dianah akaweka abiria kwenye behewa. Na Uthman akanipa kalamu.

"Mimi?" nikasema.

"Mwandishi wetu hayupo. Wewe ni wa nyumba hii."

Nikaandika, chini ya mstari wako, herufi zangu kubwa zinapanda mlima: nambari nane, abiria, imeondoka Thika saa saba na nusu.

Uthman akaangalia juu ya bega langu. "Imechelewa mwaka mmoja," akasema. "Andika na hilo."

"Usiandike, Shosho," Becky akasema. "Abiria watadai."

Niliziandika zote zilizobaki. Moja iliangukia Juja na Kaleli akasema si yeye. Uthman alinigombeza mara mbili kwa kuandika kabla treni haijasimama, na alinigombeza kama mnavyogombezana nyinyi, si kama mjane. Ya mwisho iliingia Ruiru saa kumi na mbili jioni ya treni. Nje jua lilikuwa bado juu ya paa la jirani, na nilielewa kwa nini mlikuwa mnatoka humo mkiwa na uso wa watu waliorudi kutoka mbali.

Wageni walipoondoka nilimwambia Becky awapigie watu wote, asingoje kesho. Tabby akasema kwenye simu, "Mum, kwa nini hukuniambia?" na akalia, na mumewe Eddie akachukua simu akataka aelezwe hesabu tangu mwanzo. Mwas, mwanetu aliye kazini Nakuru, alisema aliambiwa na wewe kuhusu hiyo saa zamani na alifikiri mimi najua. Firdaus alitusalimia na kusema mtoto wake wa kwanza ana miezi miwili, tuende tumwone. Nimesema nitakwenda. Kwa Maxine pia nitarudi, nilikuwa simtazami yule mtoto hata kanisani, na hajanikosea kitu.

Hao ndio wanaokukumbuka pamoja nami, Baba Tabby: binti yako Tabby na Eddie, mwanao Mwas, mjukuu wako Becky, na ndugu zako wa treni Uthman, Kaleli na Dianah. Chumba hakina kufuli tena. Kila Jumamosi saa nane kitafunguliwa, na kalamu imebaki kwangu. Siku zote tulizobakiza hapa duniani wewe utakuwa katika mazungumzo yetu.

Jumamosi hiyo Becky alisinzia mapema kwenye kochi na soksi zake, nikamfunika na blanketi lako la kijivu. Uthman akapiga kusema amefika Majengo na anakwenda kujinyoosha, treni zimemzeesha. Tabby akatuma ujumbe kwamba Eddie amelala na yeye analala. Nikaosha vikombe. Nikaweka kitabu juu ya kabati, mahali pa vitabu. Godoro lilikuwa sawa upande wote. Nililala upande wangu, nikangoja kidogo kusikia kama utaniita, na kulikuwa kimya, kimya kizuri cha nyumba iliyokula ikashiba. Redio ilikuwa inajiandaa kusoma taarifa ya saa tatu usiku. Sikuisikia ikianza.

Wako, Wamboi.